Kofi la Karatasi: Niliyojifunza kwa Kukusanya Katuni za Machale wa Zamani

Kitabu cha kwanza nilikinunua bila kujua ninachonunua. Ulikuwa mwaka 2013, mwaka wangu wa pili mjini Columbus katika jimbo la Ohio, na nilikuwa nimeingia kwenye duka la vitabu vilivyokwishatumika kutafuta kamusi ya bei nafuu. Kamusi sikuipata. Nikatoka na kitabu kipana ambacho juu ya jalada lake wanaume watatu walikuwa wamekabana makoo, mmoja ameshika koleo, na koleo hilo limeibana pua ya mwenzake. Nilidhani ni albamu ya picha za filamu. Nilipofika chumbani na kukifungua nikakuta ni vitabu vya katuni vya zaidi ya miaka hamsini iliyopita, vilivyokusanywa na kuchapwa upya kimoja baada ya kingine, bei ya senti 10 ikiwa bado imeandikwa kwenye pembe za majalada ya awali.

Watu hao watatu ni The Three Stooges, waliocheza filamu fupi 190 kwa kampuni ya Columbia kati ya mwaka 1934 na 1959. Kazi yao ilikuwa kupigana makofi, kuchomana vidole machoni, kuangushiana ngazi na kurushiana keki za malai, na kwa kazi hiyo walilipwa mishahara. Kwetu Tanga mtu wa namna hiyo huitwa chale. Mjomba wangu, aliyenilea Ngamiani na ambaye ujana wake wote aliumalizia kwenye viti vya sinema, alikuwa akishikilia kwamba neno hilo ni jina la Charlie Chaplin lililovuka bahari na kuvaa kanzu. Sikumbishia wakati ule, na sasa nina umri ambao kubishana na mjomba hakuna faida. Ninalotaka kueleza hapa ni jinsi vitabu hivi vilivyonifundisha, kwa gharama ya pesa na aibu kidogo, kwamba kichekesho cha vituko kikichapwa upya kinaweza kuendelea kuchekesha au kikafa kabisa, na kwamba tofauti hiyo imo mikononi mwa watu ambao majina yao hayaonekani juu ya jalada.

Jambo la kwanza lililonitatiza katika kitabu kile lilikuwa mtu wa tatu. Moe mwenye nywele za bakuli yupo kila ukurasa, Larry mwenye upara wa mbele na nywele za kichaka pembeni yupo pia, lakini mwenzao hadithi hii ana nywele ndefu zilizopakwa mafuta na hadithi inayofuata ni mnene mwenye kichwa kilichonyolewa. Nilifikiri wachapishaji wamekosea mpangilio. Ilinichukua majuma kadhaa ya kusoma huku na huku kuelewa kwamba hapakuwa na kosa lolote. Curly Howard, mnene wa asili aliyependwa kuliko wote, alipatwa na kiharusi mwaka 1946, na nafasi yake ikashikwa na kaka yake Shemp hadi alipofariki mwaka 1955. Baada ya hapo akaja Joe Besser kwa muda mfupi, kisha Joe DeRita, ambaye kwa kuwa alifanana na marehemu Curly alinyolewa kichwa na kuitwa Curly-Joe. Katuni za kwanza, zilizotolewa mwaka 1949 na kisha mwaka 1953 na 1954 na nyumba ya uchapishaji ya Archer St. John huko New York, zina Shemp. Katuni zilizoanza kutolewa na kampuni ya Dell mwaka 1959, baada ya filamu zile fupi kuingizwa kwenye televisheni mwaka 1958 na kuwapata watoto wapya ambao hawakuwahi kulipa kiingilio cha sinema, zina Curly-Joe. Kitabu changu kilizichanganya zote bila neno la maelezo, kana kwamba msomaji alizaliwa anajua msiba wa nani ulitangulia.

Tangu siku hiyo nimejiwekea desturi ya kuanza kusoma kitabu cha aina hii kwenye ukurasa ule wa maandishi madogo ambao wasomaji wengi huuruka. Hapo ndipo mkusanyaji mwaminifu huandika kila hadithi ilitoka toleo gani, namba ngapi, mwaka gani, na ilichorwa na nani. Asiyeandika hayo humuuzia mtu pilau bila kumwambia kama nyama ni ya mbuzi au ya ng'ombe.

Ukishajua tarehe, mkono wa mchoraji nao huanza kujitambulisha. Hadithi za Shemp zilichorwa na Norman Maurer, ambaye hakuwa mchoraji wa kukodishwa tu: alimwoa Joan, binti wa Moe Howard, na kwa hiyo alikuwa akimchora baba mkwe wake akiwapiga watu makofi. Huwa ninalifikiria jambo hilo kila ninapozisoma kurasa zake. Katika mila zetu mkwe ni mtu wa kuheshimiwa kwa mbali, wengine hata kula naye sahani moja hawawezi, na huyu bwana alikuwa akiamka asubuhi, anakaa mezani, anamchora mkwewe ametumbukia kwenye pipa la gundi. Pengine ndiyo sababu Moe wa Maurer ana uhai kuliko Moe wa mchoraji yeyote aliyemfuata. Mabega yake yanapanda kabla mkono haujanyanyuka, na macho yake yamekwishakasirika wakati mdomo bado unatabasamu. Mambo kama hayo huonwa na mtu anayekutana na mwenye sura hiyo kwenye karamu za familia, akampa chumvi mezani na kumwona anavyopokea. Hadithi za Dell, na baadaye za Gold Key, zimechorwa kwa usafi na ustadi, na majalada yake yana picha halisi za waigizaji, lakini ndani watu wale watatu wamekuwa wapole zaidi, na vurugu zao zimekuwa vurugu za mafundi wasiojua kazi kuliko za watu wanaotaka kuumizana.

Baada ya kitabu hicho nilipata tamaa, na tamaa ndiyo iliyonileta kwenye kosa langu la kwanza la pesa. Nilitaka Abbott na Costello, wachekeshaji wawili wa filamu ambao St. John huyo huyo aliwatolea matoleo 40 kati ya mwaka 1948 na 1956. Mtandaoni nikakuta kitabu kilichojiita mkusanyo kamili, jalada linang'aa, dola 24 pamoja na usafirishaji. Kilipofika niligundua kwamba mtu aliyekiandaa alikuwa ameokota picha za kurasa zilizokuwa zikizunguka kwenye intaneti, akazipunguza ukubwa ili zienee kwenye karatasi yake, na kuzichapa bila hata kuziangalia. Maneno kwenye viputo yalikuwa kama sisimizi waliokanyagwa. Hadithi moja, ambayo Costello amebeba ngazi begani ndani ya duka la vyombo vya udongo, ilikatika kabla hajageuka. Msomaji anayejua vichekesho anaelewa maana yake: mtu aliyebeba ngazi dukani ana kazi moja tu duniani, nayo ni kugeuka. Kurasa mbili zilizokuwa na mgeuko huo hazikuwemo. Nilimwandikia muuzaji, akanijibu kwa ufupi kwamba kitabu cha asili ndivyo kilivyokuwa.

Jibu hilo liliniudhi hadi nikaamua kutafuta kitabu cha asili chenyewe. Katika soko la wauza katuni lililokuwa likifanyika Jumapili kwenye ukumbi wa hoteli moja nje ya mji, mzee mmoja alikuwa na sanduku la vitabu vibovu alilokuwa akiliuza bila kuchagua, na humo nikapata nakala ya toleo lile lile, jalada limetoka kwenye pini, kona zimeliwa, kwa dola 8. Yaani kitu chenyewe kilikuwa theluthi ya bei ya kivuli chake. Nilikifungua pale pale nikiwa nimesimama. Mistari ilikuwa imekolea, maneno yanasomeka bila miwani, na Costello aligeuka kama alivyopaswa kugeuka. Kitabu cha asili hakikuwa na kasoro yoyote kiliyosingiziwa.

Ilinibidi nijiulize inakuwaje mtu yeyote achape kazi ya mwingine ovyo namna hiyo na asiulizwe, na jibu lake liko kwenye sheria ya zamani ya haki miliki ya Marekani. Kwa kazi zilizochapishwa kabla ya mwaka 1964, mwenye kazi alipaswa kuihuisha haki yake inapofika mwaka wa 28, na asipofanya hivyo kazi ilikuwa mali ya umma. Nyumba ndogo za uchapishaji za miaka ya 1950 nyingi zilikuwa zimekwishafungwa ilipofika miaka ya 1980, na hapakuwa na mtu wa kwenda kuhuisha chochote. Kwa sababu hiyo katuni nyingi za wakati ule ni kama mwembe ulio njiani: kila apitaye huchuma, mwingine huchuma kwa upondo na mwingine hupopoa kwa mawe. Lakini kuna upande wa pili ambao sikuutambua hadi nilipoanza kutafuta katuni za mchekeshaji Jerry Lewis. Kampuni ya DC ilitoa matoleo 40 ya Dean Martin na Jerry Lewis kuanzia mwaka 1952, na wawili hao walipoachana mwaka 1956 katuni ikaendelea kwa jina la Jerry peke yake kuanzia toleo la 41 hadi la 124 mwaka 1971, na ya Bob Hope nayo ilifika matoleo 109. Ungetarajia rafu nzima ya mikusanyo. Hakuna, kwa sababu mwenye michoro si mwenye sura. Michoro ni ya kampuni, lakini jina na sura ya mchekeshaji vina wenyewe, na anayetaka kuchapa upya lazima awapatanishe wote wawili, jambo ambalo faida ya kitabu kama hicho mara nyingi hailipi. Hivyo ndivyo ilivyo katika biashara hii, kwamba vilivyochapwa upya si lazima viwe vilivyokuwa bora kuliko vingine, ni vile ambavyo kamba zake zilikuwa chache.

Turudi kwenye nakala yangu ya dola 8, kwa kuwa sikumalizana nayo vizuri. Nilipofika nayo nyumbani nilifanya kile ambacho mtu yeyote aliyekulia kwenye nyumba yenye Kurani na misahafu iliyochakaa angefanya: nilichukua selotepu nikaunganisha jalada, nikaziba nyufa za kurasa kumi na kitu, na nikajisifu. Baada ya miaka mitatu gundi ilikuwa imegeuka rangi ya chai ya mkandaa, imepenya upande wa pili wa karatasi, na mahali selotepu ilipobanduka iliondoka na wino. Karatasi za katuni zile zilitengenezwa kwa rojo la mbao la bei ya chini kabisa, ambalo ndani yake mna asidi inayoila karatasi yenyewe taratibu, na hakuna kitu kinachoichukia kama gundi. Nilijifunza hayo kwa kuchelewa, nilipoanza kwenda kwenye maktaba ya Billy Ireland ya Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, ambayo ni hazina ya katuni na ambayo mtu wa kawaida asiye na shahada yoyote anaruhusiwa kuketi na kusoma. Huko ndiko uliko mkusanyo wa Bill Blackbeard, aliyetumia maisha yake kuokoa magazeti ya zamani ambayo maktaba nyingine zilikuwa zikiyatupa baada ya kuyapiga picha, na mzigo wake ulipohamishwa kutoka San Francisco ulikuwa na uzito wa tani 75. Nikiwa nimezungukwa na uangalifu wa namna ile, nilimfikiria Costello wangu aliyefungwa bandeji za selotepu na nikaona haya.

Ni baada ya hapo ndipo nilipoanza kuzitazama rangi. Katuni za wakati ule zilichapwa kwa wino wa aina nne, nyeusi, njano, nyekundu ya waridi na buluu, na kila moja ya zile tatu za rangi ilitumika ama kamili ama kwa nukta za kiwango cha nusu au robo, kiasi kwamba mchanganyiko wote haukuzidi rangi 64. Mchora rangi alijua kwamba karatasi ni ya kijivu na inanyonya, kwa hiyo alichagua nyekundu kali akijua itatulia ikishakauka. Mchapishaji wa leo akiichukua nyekundu ile ile akaiweka kwenye karatasi nyeupe inayong'aa, pua ya Larry iliyovutwa kwa koleo inawaka kama taa ya gari la wagonjwa. Wengine huamua kupaka rangi upya kwa kompyuta, na kuweka vivuli na mng'ao kwenye mashavu, hadi machale wakafanana na masanamu ya plastiki. Wengine huichukua karatasi ilivyo, na unjano wake na madoa yake na alama ya kikombe iliyoachwa na mtoto wa mwaka 1953. Kwa muda mrefu niliamini kwamba njia hii ya mwisho ndiyo pekee yenye uaminifu na nilibishana na watu kuhusu jambo hilo. Siku hizi nimelegea, kwa sababu unjano ule haukuwepo siku kitabu kilipotoka dukani, na mtoto aliyekinunua alinunua karatasi iliyo karibu na nyeupe. Anayechapa madoa anachapa uzee wa kitabu, ambao ni jambo zuri lakini si kitabu chenyewe. Mikusanyo ninayoipenda zaidi sasa ni ile ambayo mtengenezaji ameufuta unjano kwa kiasi, ameacha nukta za rangi zionekane, na amechagua karatasi isiyong'aa.

Jambo ninalolijali kuliko rangi, hata hivyo, ni ukurasa unapoangukia. Hili nililigundua kwa bahati. Katika hadithi moja ya Maurer, Shemp amekaa juu ya tawi analolikata kwa msumeno, na katika fremu ya mwisho ya ukurasa wa kulia msumeno umebakiza uzi mmoja. Unafunua. Tawi limebaki palepale hewani na mti wote umeanguka. Katika nakala niliyoiona ya toleo la awali kicheko kilinitoka kwa sauti, ilhali katika mkusanyo wangu, ambao nilikuwa nimeusoma mara nyingi kabla ya hapo, kichekesho hicho hakikuwahi hata kunikuna. Nilipolinganisha nikaona sababu: mkusanyo ulikuwa umeondoa kurasa za matangazo ya bastola za maji na baiskeli, na kwa kuondoa ukurasa mmoja tu, kila kilichokuwa kulia kikahamia kushoto. Tawi na mti vikawa vinatazamana, na jicho langu lilikuwa limeuona mti umelala kabla sijasoma habari za msumeno. Kwenye filamu anayeamua muda ni mchekeshaji mwenyewe, anangoja nusu sekunde kabla ya kugeuka, na nusu sekunde hiyo ndiyo sanaa yake yote. Kwenye karatasi nusu sekunde hiyo ni kidole cha msomaji kinachoinua ukurasa. Aliyeondoa tangazo la baiskeli hakukusudia ubaya, bila shaka alifikiri anamfanyia msomaji hisani.

Hayo yakifanyika kwenye ukurasa wa kawaida, basi fikiria katuni za macho mawili. Mwaka 1953 Maurer, kaka yake Leonard na rafiki yake wa tangu shuleni, Joe Kubert, walibuni njia ya kuchora katuni zinazochomoza nje ya karatasi, wakaipa jina la Illustereo. Kila mchoro uligawanywa katika tabaka za plastiki angavu, mtu wa mbele tabaka lake, meza tabaka lake, ukuta tabaka lake, kisha tabaka hizo zikasogezwa kidogo kushoto na kulia na kuchapwa kwa rangi mbili, na msomaji akapewa miwani ya karatasi yenye kioo cha rangi tofauti kila upande. Kitabu chao cha kwanza, cha panya shujaa, kiliuzwa kwa senti 25 badala ya 10 na kikapita nakala milioni moja. The Three Stooges wakafuata, kwa kuwa hakuna watu waliostahili kutoka nje ya ukurasa kuliko wao. Wachapishaji wengine wakarukia wimbi hilo kwa pamoja, soko likashiba, na kabla mwaka uliofuata haujafika mbali wanunuzi walikuwa wamekwishachoka kuumwa na macho. Archer St. John mwenyewe alifariki mwaka 1955.

Nina mkusanyo mmoja ambao kurasa hizo zimechapwa kwa wino mweusi tu, bila kina, na unazisoma ukijiuliza kwa nini kila mtu ananyoosha mkono kuelekea kwako. Nina mwingine ambao umezichapa kama zilivyokuwa na kuweka miwani miwili kwenye mfuko wa jalada la nyuma. Binti yangu, aliyekuwa na miaka saba, alipoivaa mara ya kwanza na kuiona keki ya malai inamjia, alikwepa. Alikwepa kweli, kichwa chote kikaenda upande na kugonga bega langu. Sijaona uhakiki wa kitabu uliokuwa wa dhati kuliko huo.

Kumsomea binti huyo ndiko kulikonifundisha lile ambalo nisingelijua kwa kununua. Nyumbani tunazungumza Kiswahili kwa sheria ya mama yake, kwa hiyo vitabu hivi navyo nilivisoma kwa kutafsiri papo kwa papo. Maneno ya kwenye viputo hayakunisumbua, maana machale hawasemi mengi yenye maana. Kilichonikwamisha ni yale makelele yaliyochorwa kwa herufi kubwa kati ya ngumi na shavu. Mwanzoni niliyasoma kama yalivyoandikwa, na binti yangu akanisikiliza kwa adabu. Siku moja Shemp akaanguka kwenye ndoo ya maji na mimi, bila kupanga, nikasema "Chubwi!" Akacheka hadi akakaa sakafuni. Kuanzia hapo hatukurudi nyuma. Nilikumbuka kwamba lugha yetu haikubali mtu aanguke tu, inataka kujua ameangukia nini: majini ni chubwi, matopeni ni tapwi, mchangani ni tifu, na mzigo mzito ukibwagwa ni pu. Kijiti kinavunjika kacha, mlango unafungwa ndi, maji yanadondoka ndo ndo ndo. Yule mwandika herufi wa New York alikuwa na maneno matatu au manne ya kuzungushia kila pigo, nasi tulikuwa na ghala zima. Kuna ukurasa mmoja ambapo Moe anateleza kwenye ngazi, anaangukia mfuko wa saruji, anabingirikia kwenye dimbwi, na tuliusoma usiku mmoja mara sita mfululizo, kila mmoja akijaribu kumpita mwenzake kwa sauti, mpaka jirani wa chini akagonga dari yake kwa kitu ambacho binti yangu alikitambulisha mara moja kuwa ni fagio, kwa sababu kiligonga ko ko ko.

Mama yake hakufurahishwa na kila kitu. Siku binti alipombana pua binamu yake kwa kibanio cha nguo, kitabu kilipanda juu ya kabati kwa majuma mawili, na mimi nikahojiwa. Nilijitetea kwamba Moe mwenyewe, alipokuwa mzee, alieleza jinsi pigo la macho lilivyofanywa: vidole viligonga mfupa wa nyusi na havikugusa jicho. Akaniuliza kama kwenye katuni pia vinagonga nyusi. Nilikifungua kitabu kumwonyesha, na ukweli ni kwamba kwenye karatasi hakuna hila yoyote, vidole vinaingia moja kwa moja na nyota zinatoka. Wazazi wa Marekani nao walikuwa na kesi kama yake. Mwaka 1954 kamati ya Seneti ilikaa New York kuzichunguza katuni, na wachapishaji wengi wakajifunga kwa kanuni kali ili kujinusuru, ingawa Dell ilikataa kujiunga kwa hoja kwamba vitabu vyake vilikuwa safi tayari. Nilipomweleza hayo mke wangu alisema basi nimsomee mtoto vya Dell. Nimetii, kwa siku za wiki.

Mwaka jana jamaa mmoja alikuwa anakwenda Tanga, nikampa kitabu ampelekee mjomba. Sikumpa The Three Stooges, ambao yeye hawajui. Nilimchagulia Laurel na Hardy, ambao kwake ni Mnene na Mwembamba na hawahitaji utambulisho. Wawili hao walikuwa na bahati ya pekee kwenye karatasi, kwa sababu Uingereza iliwachora mapema kuliko Marekani: tangu mwaka 1930 gazeti la kila wiki la Film Fun lilikuwa likiwachora kwa mkono wa Bill Wakefield, na alipofariki mwaka 1942 mwanawe Terry akaishika kalamu ya baba yake. Nilikuwa na wasiwasi na macho ya mjomba, ambayo siku hizi yana mtoto wa jicho upande mmoja, kwa hiyo nilitafuta chapa kubwa, karatasi isiyong'aa, kurasa zilizobaki upande wake.

Nilipopiga simu Ijumaa baada ya swala kumuuliza kama kimefika, aliyepokea alikuwa mtoto wa jirani, na nyuma yake nilisikia sauti ya mjomba ikisoma kwa kuinuka na kushuka kama mtu anayesimulia mpira wa miguu. Kulikuwa na kimya cha ghafla, nikajua anafunua ukurasa. Kisha, kwa sauti ambayo sikuisikia tangu nikiwa na miaka minane, akasema "Tapwi!" na watoto wasiopungua kumi wakapiga kelele kwa pamoja. Nilimwomba yule mtoto ampe simu. Mjomba akaichukua, akaniitikia salamu haraka haraka, akaniambia nimpigie baada ya alasiri kwa sababu Mnene yuko matopeni na Mwembamba ndiyo kwanza amepanda ngazi, akakata.